Kipandikizi cha mwaridi kinachipua majani, kisha kinakufa: nifanyeje?

Swali: Shikamoo mwalimu. Marehemu bibi yangu aliacha mwaridi mmoja wenye maua ya pinki na harufu ambayo sijaikuta kwenye ua lingine lolote. Jina lake hatulijui. Nyumba inauzwa, nimebakiwa na miezi minne ya kuweza kuingia pale. Nimeshakata vijiti mara tatu, kumi na viwili kila mara. Mara ya kwanza nilivipanda kwenye udongo mweusi wenye samadi, nikamwagilia asubuhi na jioni. Mara ya pili nilivipaka asali nikavichomeka kwenye viazi, kama nilivyoona kwenye video. Mara ya tatu niliviweka kwenye glasi ya maji. Kila mara vinachipua majani, nafurahi, halafu wiki ya tatu vinanyauka. Nikivitoa, chini ni vyeusi na vinateleza. Nakosea wapi? Na je, yale machipukizi marefu yenye nguvu yanayotoka chini kabisa ya shina ndiyo mazuri ya kukata?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba wa bibi. Nitaanza na swali lako la mwisho, maana ukikosea hapo, hata ukiyafanya mengine yote sawasawa utaishia kuotesha ua ambalo si la bibi. Usiyaguse yale machipukizi ya chini mpaka umefukua udongo kwa vidole na kuona yanaanzia wapi.

Miwaridi mingi inayouzwa ni mimea miwili iliyounganishwa. Juu kuna mwaridi wenyewe, ule unaopendwa kwa ua lake. Chini kuna mizizi ya mwaridi mwingine, aghalabu wa jamii ya porini, uliochaguliwa kwa nguvu zake tu. Ulaya mara nyingi hutumika Rosa canina au ule uitwao 'Laxa', na Marekani kwa miaka mingi umetumika mwaridi uitwao 'Dr. Huey'. Pale mimea hiyo miwili ilipounganishwa hubaki nundu, karibu na usawa wa udongo. Chipukizi linalotoka juu ya nundu ni la bibi. Linalotoka chini yake ni la ile mizizi ya kuazima, na kweli huwa refu, limenyooka, lina afya, tena huota mizizi upesi. Ndiyo maana linawaponza wengi: wanalikata, linashika vizuri, na baada ya mwaka wanaona maua mekundu mazito ya 'Dr. Huey' mahali walipongoja meupe au ya manjano.

Utasikia watu wakisema uhesabu vijani kwenye kila jani: vitano ni mwaridi wa bustani, saba ni wa porini. Kanuni hiyo usiitegemee. Miwaridi mingi ya zamani, na mingi inayotambaa, ina vijani saba na ni ya bustani kabisa. Ushahidi ni ua. Kata tu tawi ambalo umeliona kwa macho yako likichanua ua la bibi. Na kama ukifukua usikute nundu yoyote, furahi, kwani huenda bibi naye aliupata mwaridi huo kwa kijiti alichopewa na mtu. Miwaridi mingi isiyo na jina imeishi hivyo, ikitoka ua hadi ua mikononi mwa watu, na ile iliyofika mpaka leo kwa njia hiyo kwa kawaida ni ile inayokubali kuota mizizi. Kwa hiyo naona una nafasi nzuri kuliko unavyodhani.

Sasa tuje kwenye vifo vya vile vijiti thelathini na sita.

Yale majani uliyoyafurahia yaliota kwa akiba. Ndani ya kila kijiti kuna wanga na sukari ambayo mwaridi mama uliihifadhi, na kuna maji kiasi. Jicho la kijiti limeshaumbwa tayari, lina vijani vyake vidogo vimekunjwa ndani, linangoja nafasi tu. Ukikata tawi, macho yaliyokuwa yamezuiwa na ncha ya juu hupata uhuru, nayo hufunguka ndani ya wiki moja au mbili hata kama chini hakuna mzizi hata mmoja. Hata tawi ulilolitupa jalalani baada ya kupogoa linaweza kuchipua. Mizizi ni habari nyingine. Haikuwepo kabisa. Inabidi seli zilizo karibu na ule utando mwembamba wa kijani chini ya gome ziache kazi yake ya zamani, zigawanyike, zijipange upya, kisha zitoboe gome zitoke nje. Kwa mwaridi kazi hiyo huchukua kati ya wiki tatu na nane, kutegemea aina, joto na ukomavu wa tawi.

Tazama basi hesabu ilivyo. Wiki ya pili majani mapya yamefunguka, na kila jani lina vitundu vingi vidogo vinavyotoa maji hewani mchana kutwa. Chini hakuna cha kuyarudisha. Kijiti kinanyonya kidogo tu kupitia kidonda cha mkato. Kufika wiki ya tatu akiba imekwisha, majani yanalegea, nawe ukiona yamelegea unafanya kile ambacho kila mwenye huruma angefanya: unaongeza maji. Hapo ndipo kifo cha pili kinapoingia. Kile kidonda kinahitaji oksijeni ili seli zake zigawanyike, na udongo mzito uliolowa hauna hewa. Ukiongeza samadi, umekilaza kijiti chenye jeraha mahali palipojaa bakteria na ukungu. Weusi unaoteleza uliouona ni uozo huo. Na mti uliooza hauwezi tena kupitisha maji, kwa hiyo kijiti kinakufa kwa kiu huku kimesimama kwenye tope.

Nakuomba ulishike hilo kuliko jambo lingine lolote nitakaloandika hapa. Kipandikizi kisicho na mizizi hakiokolewi kwa maji unayomwaga chini. Kinaokolewa kwa kuzuia maji yasitoke juu. Juu kuwe na unyevu mwingi, chini kuwe na hewa. Wewe ulifanya kinyume chake mara ya kwanza, na kwenye glasi vilevile: majani yalikuwa kwenye hewa kavu na kidonda kilikuwa kwenye maji yaliyosimama. Baadhi ya miwaridi hutoa mizizi majini, sikatai, lakini ni michache, na mizizi ya majini huwa laini na hukatika unapohamishia kwenye udongo.

Kuhusu viazi na asali nitasema kifupi. Asali hupunguza vijidudu kwenye kidonda, lakini haina kile kinachoamrisha mizizi kuota. Kiazi kina unyevu bila hewa, kinaoza, na kikioza kinakiozesha kijiti. Kisipooza, kinaota chenyewe na utavuna mche wa kiazi. Achana navyo.

Kinachoamrisha mizizi ni homoni iitwayo oksini. Mmea huitengeneza kwenye macho na majani machanga, nayo husafiri kushuka chini. Mholanzi Frits Went ndiye aliyeonyesha waziwazi katika miaka ya 1920 kwamba kitu hicho kipo na kinaweza kukusanywa nje ya mmea. Kufika 1935 watafiti walikuwa wameshajua kwamba aina yake inayotengenezwa viwandani, asidi ya indolibutiriki, inaotesha mizizi vizuri kwenye vijiti. Hadi leo ndiyo iliyomo katika unga mwingi wa kuoteshea mizizi. Kwa matawi ya mwaridi yaliyokomaa nusu, unga wenye nguvu ya asilimia 0.1 hadi 0.3 unatosha. Mimina kidogo kwenye kisahani, usichovye vijiti ndani ya kopo lenyewe maana unyevu utaharibu unga wote. Gusisha sentimita mbili za chini, kisha gonga kijiti ili unga uliozidi udondoke. Ukizidisha, unaunguza gome. Kama huna unga huo, usikate tamaa, kwani mwaridi wa zamani unaweza kuota bila chochote, ila utachelewa na utapoteza vijiti vingi zaidi.

Kwa kuwa oksini hushuka, utaona kwa nini juu na chini ya kijiti havibadilishani. Kijiti kilichopandwa kichwa chini huhangaika na kufa. Njia rahisi ya kutochanganya ni kukata upande wa chini moja kwa moja na upande wa juu kwa mshazari.

Kuchagua tawi ndiko kunakoamua zaidi ya yote uliyoyajaribu, na watu hawakujali sana. Tafuta tawi ambalo ua lake limechanua na petali zinaanza kudondoka. Wakati huo tawi si laini tena wala halijawa mti mgumu. Unene wake uwe kama wa penseli au pungufu kidogo. Lijaribu hivi: sukuma mwiba kwa kidole gumba kutoka ubavuni. Ukivunjika kwa mlio mdogo na kuacha kovu safi, tawi limeiva. Ukijikunja au kuchuna ngozi ya tawi, bado changa, litaoza. Na kama gome limeshakuwa la kijivu lenye nyufa, waachie wengine. Lina wanga mwingi lakini seli zake ni nzito kubadilika.

Umwagilie mwaridi mama jioni ya kuamkia siku ya kukata, uende asubuhi kabla jua halijapata nguvu, tawi likiwa limejaa maji. Kila tawi likikatwa lifungwe mara moja kwenye gazeti lililoloweshwa, kisha ndani ya mfuko, na mfuko ukae kivulini. Tawi lililokaa nusu saa kwenye kiti cha gari juani limeshaanza kufa hata kama bado ni la kijani. Nimewahi kupoteza vijiti vyote vya mwaridi mmoja mzuri sana kwa safari ya namna hiyo, na sikupata nafasi ya kuurudia.

Nyumbani, toa ua na ile sehemu nyembamba iliyo chini yake. Kata vipande vya sentimita 15 hadi 20, kila kimoja kiwe na vifundo vinne, yaani mahali jani linapoota. Mkato wa chini uwe chini kidogo tu ya kifundo, milimita tano hivi, kwa sababu hapo ndipo mizizi hupenda kuanzia. Wa juu uwe sentimita moja juu ya jicho. Tumia wembe au kisu chenye makali, maana mkasi butu husaga tawi na sehemu iliyosagwa huoza. Futa makali kwa spiriti kabla ya kuanza.

Majani ya chini yote toa. Ya juu acha mawili, na kama ni makubwa kata vijani vya mwisho vibaki vitatu kwenye kila jani. Hapa watu hugawanyika makundi mawili na yote mawili yanakosea. Wapo wanaoacha majani yote, kijiti kikauke. Wapo wanaonyonyoa yote kwa kuogopa hilo, wakasahau kwamba jani ndilo linalotengeneza sukari ya kulisha mizizi inayoumbwa, na ndilo linalosaidia kuteremsha oksini. Jani moja au mawili yaliyo hai mpaka wiki ya tano yana thamani kuliko unga wowote wa dukani. Kazi yako yote baada ya kupanda ni kuyafanya majani hayo yasidondoke.

Jambo moja dogo ambalo limenisaidia sana kwa aina sugu: kwenye sentimita mbili za chini, kwangua gome kidogo pande mbili mpaka uone weupe wa mti. Kidonda kinakuwa kikubwa, unga unashika, na mizizi hutokea kandokando ya mkwaruzo. Usikwangue kuzunguka kijiti chote.

Mahali pa kupanda pasiwe na rutuba. Najua inaonekana kama unyimi, lakini kisicho na mizizi hakiwezi kula mbolea; chumvi za mbolea hukichoma na viumbe vya samadi hukila. Mchanga mnene wa mtoni uliooshwa unatosha kabisa, au perilaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba uliopashwa moto) na vumbi la makumbi ya nazi nusu kwa nusu. Mchanga wa baharini usitumie, una chumvi. Jaribio ni hili: mimina maji juu, yanapaswa kuzama papo hapo na kutoka chini. Ukifinya konzi ya mchanganyiko wa perilaiti, idondoke tone moja au mawili, si mchirizi.

Nakushauri upande kwenye vikombe vya plastiki vinavyoonyesha, virefu, vilivyotobolewa chini, kijiti kimoja kila kikombe, kisha kila kikombe kikae ndani ya kingine cheusi. Mizizi haipendi mwanga, ndiyo sababu ya kile cheusi; lakini ukikiinua kile cha ndani utaona kila kitu bila kung'oa. Nasisitiza hili kwa sababu umeandika kwamba unavitoa kuvitazama. Mzizi mchanga wa mwaridi ni mweupe na hukatika kama uzi wa barafu, na ukiung'oa mara moja umepoteza kazi ya mwezi. Hata kuvuta kidogo ili kuona kama kimeshika ni mazoea mabaya.

Toboa shimo kwanza kwa penseli ili unga usikwanguke. Zamisha vifundo viwili, kandamiza pembeni, mwagilia mara moja mpaka maji yatoke chini. Kisha chukua chupa kubwa ya maji isiyo na rangi, kata kitako chake, ifunike juu ya kikombe na mfuniko wake ukiwa umefungwa. Majani yasiguse ukuta wa chupa, maana yakigusa huota ukungu wa kijivu. Hiyo chupa ndiyo iliyokosekana mara zako zote tatu. Ndani yake hewa hujaa unyevu, jani halipotezi maji, na kijiti kinapata hizo wiki tano au sita kinazohitaji.

Ila chupa hiyohiyo juani ni jiko. Iweke kwenye kivuli chenye mwanga, mahali unapoweza kusoma gazeti bila kukaza macho lakini miale ya jua haifiki: chini ya mti wenye majani mengi, au barazani upande usiopigwa na jua. Joto la udongo likiwa kati ya nyuzi 20 na 25 za Selsiasi ni zuri. Penye majira ya baridi kali kuna njia nyingine ya vijiti visivyo na majani, vya sentimita 20 hadi 25, vinavyochomekwa ardhini mwishoni mwa vuli na kuachwa mwaka mzima, lakini kwa miezi minne yako hiyo haifai.

Kila asubuhi tazama chupa. Ikiwa na ukungu wa matone kwa ndani, usimwagilie. Hata wiki nzima inaweza kupita bila kumwagilia, na najua kwa mtu aliyezoea asubuhi na jioni hili litakuwa gumu kuliko mengine yote. Chupa ikiwa kavu, nyunyizia majani na uguse mchanga. Ukiwa na unyevunyevu, acha. Fungua mfuniko dakika chache kila siku hewa ibadilike. Jani lililodondoka au kuwa jeusi litoe siku hiyohiyo. Kijiti kilichoanza weusi kutoka chini kupanda juu hakiponi, kitoe na kikombe chake kabla hakijaambukiza vingine.

Macho yatachipua wiki ya pili kama kawaida. Safari hii usifurahi bado, wala usihuzunike. Karibu na wakati huo, kwenye mkato wa chini utaona uvimbe mweupe wenye vipele, ambao wataalamu huuita kalasi. Ni kidonda kinachojiziba, na ni dalili njema, lakini haujawa mzizi. Kuna vijiti hubaki na kalasi kubwa kama harage kwa miezi miwili bila kutoa chochote. Ukikutana na hicho, kwangua uvimbe huo kidogo kwa wembe, paka unga tena, urudishe. Dalili ya kweli ni nyuzi nyeupe ukutani mwa kikombe. Wengi wetu hushangilia mapema tukiziona, nami nakuomba ungoje mpaka zifike sentimita tatu au tano na zianze kutoa matawi yake.

Halafu kuna wiki inayoua wengi kuliko hata uozo. Ni wiki ya kutoa chupa. Majani yaliyokulia ndani ya unyevu hayajui kufunga vitundu vyake haraka, na ukitoa chupa ghafla mchana, jioni unakuta mche umelala. Ondoa mfuniko kwanza, siku tatu. Kisha inua chupa kwa kijiti upande mmoja, siku tatu nyingine. Kisha itoe usiku na kuirudisha mchana. Baada ya siku kumi hivi itoe moja kwa moja. Hapo ndipo mche uhamie kwenye chungu chenye udongo mwepesi na mboji iliyooza kabisa, ukiubeba na mchanga wake bila kuutikisa. Mbolea ngoja mwezi mmoja, na uanze na nusu ya kipimo. Jua uliongeze polepole mpaka upate saa sita kwa siku.

Kuhusu miezi yako minne, usiweke matumaini yote kwenye siku moja. Ningekuwa wewe ningekata mafungu matatu, wiki mbili mbili zikipishana, kila fungu vijiti kama kumi, kila mara nikichukua yale matawi yaliyotoka kuchanua. Tofauti ya wiki mbili katika ukomavu wa tawi inaweza kubadilisha matokeo yote. Ukipata nusu iliyoshika, umefanya vizuri sana. Miwaridi inayotambaa, ile midogo ya vyunguni na ile ya zamani ya asili ya China hukubali kwa urahisi. Ile ya kisasa yenye shina moja refu na ua moja kubwa ni migumu zaidi, na ya manjano ndiyo hukataa hasa. Manjano yake kali ilitokana na Rosa foetida, mwaridi wa manjano ulioingizwa kwenye miwaridi ya bustani na mzalishaji Joseph Pernet-Ducher wa Lyon, Ufaransa, kupitia mwaridi wake 'Soleil d'Or' mwaka 1900, na wengi wa uzao huo ni wagumu kuota mizizi yao wenyewe. Waridi la bibi ni la pinki na lina harufu kali. Kwa kubahatisha kwa mtu aliyekata mengi, naliweka upande wa yanayokubali.

Na siku ya kwanza kabisa utakayokwenda, kabla hata hujakata kijiti, laza tawi moja. Chagua tawi refu la chini linalopindika, lililoanzia juu ya nundu, likwangue upande wa chini kwenye kifundo, paka unga, likandamize ndani ya chungu chenye mchanga na mboji kwa waya uliopinda, ncha yake ikitazama juu, halafu weka jiwe juu. Tawi hilo bado linanyonyeshwa na mama yake, kwa hiyo ule upotevu wa maji niliokueleza haulihusu. Litachukua miezi miwili hadi minne, na ndilo nililolitegemea kila nilipokuwa na mwaridi nisioweza kuumudu kuupoteza. Mwagilia chungu hicho kila unapofika. Mwishoni kata pale linapoungana na mama yake na uondoke nalo.

Kama mnunuzi hatajali, mwaridi mama wenyewe unaweza kung'olewa wiki ya mwisho: upogoe ubaki sentimita 40, uchimbe kwa upana, uondoke na bonge la udongo. Mwaridi mzee si kila mara hustahimili, ndiyo maana vijiti vitangulie.

Angalia pia majani yake kabla ya kuanza. Ukiona michirizi ya manjano iliyopindapinda kama radi, huenda ni virusi vya mozeki, na vinaweza kuhamia kwenye vipandikizi. Mimi ningeuotesha hivyohivyo, kwa kuwa ni wa bibi, ila ningeuweka mbali na miwaridi mingine na kuosha makali kila nikiukata. Miwaridi mipya yenye lebo ya haki za mzalishaji ina sheria zake za kuzalishwa, hasa kwa kuuza, na inafaa mtu asome lebo. Mwaridi wa zamani usio na jina kama wako haukubani.

Miche yako itataka kuchanua mapema mno, pengine ikiwa na urefu wa shubiri moja tu. Tumba likitokea, likate, kwa sababu ua hunyonya nguvu ambayo mizizi inaihitaji mwaka huo wa kwanza. Fanya hivyo kwa yote isipokuwa mmoja. Huo uache ufunguke, uinamie, unuse. Ikiwa ni harufu ile uliyoitafuta, basi ulikata juu ya nundu, na unaweza kuanza kuwagawia wadogo zako.